Jengo Tulilipitisha

Alikuja jioni, nikiwa nimeshaanza kuingiza ndoo za rangi ndani. Kijana mrefu, buti za mpira mguuni, fulana ya bluu iliyopauka hadi maandishi ya mgongoni yakawa ya kubahatisha. Alitaka klipu za chuma za kubania mpira, zile kubwa, sita. Na tubu kuukuu ya baiskeli kama sijaitupa.

"Tubu ya nini tena?"

"Ya kufunga mpira wa faya, Mama. Umepasuka mahali pawili. Ukizungusha tubu, ukabana na klipu, unashika."

Nikamhesabia. Akatoa noti mfukoni, zimekunjwa mara nne. Nikamuuliza risiti niiandike kwa jina la kaunti au la idara.

Akacheka. "Usiandike. Hii ni pesa yangu."

Alipokuwa anatoka barazani aligeuka, akanitazama vizuri. "Si ni wewe ulisimama pale ukumbini mwezi wa tano, ukasema tujengewe kituo cha zimamoto?"

Nikasema ndiye mimi, na nikasema kwa kifua. Nilidhani nashukuriwa.

"Ahsante, Mama. Jengo mlilipitisha. Sasa sisi mtatupitisha lini?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Akaenda zake na klipu zake sita.

Hayo yalikuwa majuma saba yaliyopita.

Mkono wangu

Mkutano wenyewe mnaujua ulivyo. Uliitwa saa tatu, ukaanza saa tano. Viti vya plastiki, spika inayokoroma, vitabu vya bajeti vichache hata tukawa tunachungulia watu sita kitabu kimoja, tena cha Kiingereza. Afisa akitusomea kwa Kiswahili kilichojaa namba. Tulipofika ukurasa wa wadi yetu kulikuwa na mstari mmoja: ujenzi wa kituo cha zimamoto na maafa, awamu ya kwanza. Na kiasi, ambacho sitakitaja, maana nikikitaja mtaijua kaunti.

Mzee mmoja aliyekaa mbele aliomba kipaza sauti. "Hii awamu ya kwanza ni ile ya mwaka juzi, au ni ya kwanza nyingine?"

Ukumbi ulicheka. Afisa naye akacheka, na swali likapita hivyo hivyo bila jibu. Nami nilicheka. Leo ndilo swali ninalolikumbuka kuliko yote yaliyoulizwa siku ile.

Akina mama wa upande wa bondeni walitaka zile pesa ziende kwenye kisima na madarasa ya chekechea. Walikuwa na hoja. Hapo ndipo niliposimama. Nikawakumbusha usiku ule vibanda vya soko vilipoungua, jinsi tulivyopanga foleni ya ndoo kutoka msikitini, na gari la faya likafika kutoka mji mwingine wakati tumeshaanza kuokota misumari kwenye majivu. Nikasema kisima ni uhai, lakini na moto ni mauti. Mimi si msemaji sana, ila siku ile Mungu alinifungua ulimi. Mikono ikainuliwa. Jengo likapita.

Sasa niwaambie ambalo sikulisema pale.

Mimi nauza simiti. Nauza mabati, misumari, mabomba na rangi. Nikiwa nimesimama, huku nikieleza habari za majivu, upande mmoja wa kichwa changu ulikuwa unahesabu mifuko. Mkandarasi yeyote atakayepata tenda ile atachukua vifaa wapi kama si hapa njia panda? Sikudanganya mtu. Kila nililolisema lilitokea. Lakini sikuwa nimesimama kwa sababu ya majivu peke yake, na pengine ndiyo sababu sikujiuliza swali ambalo hata mtoto angeliuliza: nani atakaa ndani ya hilo jengo?

Thelathini na thelathini na tano

Nilikiomba kile kitabu cha bajeti kwa rafiki aliyekuwa nacho, nikakaa nacho siku tatu baada ya kufunga duka. Nilikuwa natafuta mstari wa mishahara ya wazimamoto wapya. Mpira mpya. Mafuta ya gari. Maji.

Jengo nililipata kwenye fungu la maendeleo. Hayo mengine, kwenye matumizi ya kawaida, yalikuwa yale yale ya mwaka uliotangulia.

Nilikasirika, nikataka kuandika makala hii siku ile ile. Nashukuru sikuiandika, kwa sababu ingekuwa ya kulaumu wezi tu, na mambo yalivyo si mepesi hivyo. Yako kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti iweke angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwenye maendeleo. Kanuni zilizofuata mwaka 2015 zikaweka dari upande wa pili: mishahara na marupurupu isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Na kaunti nyingi zilirithi wafanyakazi wa mabaraza ya miji ya zamani, kwa hiyo dari hiyo huwa wameigusa kabla hata hawajaajiri mtu.

Jiweke kwenye kiti cha yule afisa aliyetusomea. Ukiomba jengo, unasaidia kaunti kutimiza ile 30. Ukiomba watu ishirini, unaisukuma kwenye ile 35. Jengo linaonekana barabarani, lina jiwe la msingi, lina utepe wa kukata. Mtu aliyeajiriwa haonekani mpaka siku ya moto.

Kwa nini ishirini? Nilimuuliza kijana wangu wa klipu alipokuja mara ya pili. Alinihesabia kwa vidole juu ya meza ya duka. Gari moja linataka watu watano kwenye zamu. Moto haulali, kwa hiyo zamu ni tatu: kumi na watano. Weka likizo, weka mgonjwa, weka aliyefiwa. Ishirini, kwa gari moja.

"Na sasa mko wangapi?"

Akanionyesha kwa mkono mmoja tu, na vidole havikunyooka vyote.

Sitaki kuonekana naitukana sheria. Bila ile asilimia 30, sote tunajua pesa zingekwenda wapi: mishahara, safari, semina za hotelini. Aliyeiandika alikuwa anatuokoa na jambo ambalo tulikuwa tumeshaliona kwa macho. Ila moto haujui tofauti ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Kwa mtu ambaye nyumba yake ya makuti inawaka, mshahara wa mzimamoto ndiyo maendeleo.

Hapo nilikwama kwa juma zima. Nilipoanza nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Sasa nilikuwa na namba mbili, zote mbili zina maana nzuri, na katikati yake kijana anafunga mpira kwa tubu ya baiskeli.

Kituo kilikuwa jirani

Mume wangu hapendi nikikaa na jambo. Aliniambia, jengo lijengwe kwanza, watu watafuata. Hutaajiri watu ukawaweka juani.

Ni maneno ya busara na yalinituliza kwa siku mbili hivi. Kisha nikakumbuka moto wa Nakumatt.

Tarehe 28 Januari 2009. Nilikuwa Nairobi kwa shangazi, na sote tulioiona ile picha ya moshi katikati ya jiji hatujaisahau. Watu wapatao 29 walikufa ndani ya duka kubwa la Nakumatt Downtown, watu walioingia kununua mkate na vyombo. Na kituo kikuu cha zimamoto cha Nairobi kiko Barabara ya Tom Mboya. Kwa mguu ni dakika chache. Jengo lilikuwepo, tena la miaka mingi, lenye milango mikubwa myekundu, na ukaribu wake haukutosha.

Siku tatu baadaye ikawa Sachangwan, lori la petroli lililopinduka karibu na Molo, na zaidi ya watu 100 wakateketea. Huko ilikuwa barabarani, usiku, mashambani. Hata ungekuwa na jengo zuri namna gani, ungelijenga wapi?

Sisemi jengo halina kazi. Endarasha, kule Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21 waliungua bwenini usiku, na mzazi yeyote ukimwambia umbali wa kituo si kitu atakutazama vibaya. Ninachosema ni kwamba ukumbini tuliuziana neno moja, "kituo", na kila mmoja akaweka ndani yake alichotaka. Mimi niliweka simiti. Mheshimiwa wetu aliweka utepe. Akina mama wa bondeni, ambao niliwashinda, pengine peke yao ndio waliokuwa wanafikiria maji.

Na zimamoto bila maji ni nini? Chukua gari la lita 5,000. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, una dakika kumi. Baada ya hapo ni gari jekundu tu. Kisima walichoomba wale akina mama kingekuwa dakika kumi nyingine, na kumi nyingine. Hakuna aliyetuambia kwamba yale maombi mawili yangeweza kuwa ombi moja. Na mimi, badala ya kuyaunganisha, niliyagombanisha.

Binamu na kura yake

Nilimtumia binamu yangu sauti kwenye simu. Yuko Ohio mwaka wa kumi na tano huu, keshakuwa raia. Nilitaka kujua kwao wanafanyaje, kwa sababu aliwahi kunitumia picha ya jengo la kaunti yao: sherifu, ambulensi na chumba cha kupokea simu za dharura, wote chini ya paa moja.

Alinijibu kwa sauti ya dakika tisa. (Akianza huyu!) Nikiifupisha: kwao kaunti ikitaka kukopa pesa za jengo, hupeleka swali kwa wapiga kura, na kwenye karatasi unaandikiwa itakugharimu nini kwenye kodi ya nyumba yako. Kisha, na hapa ndipo nilipoirudia ile sauti mara tatu, pesa za kuliendesha jengo ni swali jingine. Kura nyingine. Alisema mara ya kwanza walikataa jengo kwa sababu lilikuwa kubwa mno, wakaletewa dogo zaidi, wakalikubali.

"Sasa ukikubali jengo ukakataa za kuliendesha?"

"Ndiyo hivyo. Mtalitazama. Lakini mmelikataa wenyewe, na kila mtu anajua."

Kwetu hayo hayahamishiki mzimamzima, na sitaki kujifanya yanahamishika. Polisi wetu ni wa serikali ya taifa. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeipa kaunti zimamoto na maafa, haikuipa polisi. Paa moja kama la Ohio lingekuwa na wenye nyumba wawili, na ninyi mnajua nyumba ya wenyewe wawili ikivuja nani hupanda juu. Kukopa nako, Kifungu cha 212 kinataka dhamana ya serikali ya taifa na idhini ya bunge la kaunti. Kwa hiyo tunangoja fungu kutoka Nairobi, na fungu hilo linapungua wakati wowote: kwa mwaka wa 2024/25 kaunti zote 47 zilikuwa zimepangiwa shilingi bilioni 400.1, na baada ya Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, kutupwa zikashushwa hadi 387.4. Kinachokatwa kwanza huwa ni awamu ya pili ya kitu. Ndiyo maana nchi hii imejaa awamu za kwanza.

Hata makao makuu ya kaunti hayakupona. Kaunti tano zilizokuwa hazina ofisi, zikiwemo Lamu na Tana River huku kwetu Pwani, ziliwekewa mpango: serikali ya taifa asilimia 70, kaunti asilimia 30. Huo ulikuwa mpango wenye baba na mama, na bado miaka ilipita nguzo zikiwa zinanyeshewa. Kituo cha zimamoto cha wadi kina nani?

Ila lile swali la pili la Ohio, lile la kuliendesha, halihitaji Katiba mpya. Linahitaji mtu ukumbini aulize: mwaka wa kwanza wa jengo hili utagharimu nini baada ya funguo kukabidhiwa, na pesa hizo ziko ukurasa gani? Sekunde kumi. Mzee wa awamu ya kwanza alikaribia kabisa. Tukamcheka.

Kiwanja

Jumatano iliyopita nilifunga duka mapema nikaenda kukiona kiwanja. Sikuwahi kukanyaga pale tangu tulipokipitisha. Kiko nyuma ya ghala la zamani la pamba. Kuna bikoni nne za mipaka, moja imelala. Kuna kibao chenye jina la mradi na jina la mkandarasi, na mbuzi wanajikuna kwenye nguzo yake. Msingi umechimbwa upande mmoja.

Nina miaka ishirini na mbili kwenye vifaa vya ujenzi, kwa hiyo mbele ya msingi siwezi kujizuia, lazima nihesabu. Gari la zimamoto si pikapu. Lita 10,000 za maji ni tani kumi, kabla hujahesabu gari lenyewe. Sakafu ya kawaida ya gereji itapasuka. Mlango lazima uwe mrefu kuliko ngazi iliyo juu ya gari. Panatakiwa tangi la chini ya ardhi, na mahali pa kuning'iniza mipira ikauke, maana mpira uliokunjwa mbichi huoza, ndiyo mwanzo wa hizi klipu. Mlinzi aliyekuwa pale aliniruhusu nione mchoro uliobandikwa kwenye kibanda chake. Sakafu wameiandika nene vizuri. Milango iko sawa. Tangi halimo.

Nikapiga picha. Hilo nimeshaliandika kwenye barua kwa karani wa bunge la kaunti, pamoja na lile swali la mwaka wa kwanza. Nimegongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Makadirio ya mwaka ujao yatakuja tena bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na safari hii nitakwenda na akina mama wa bondeni, wakikubali kukaa na mimi. Wawili wamekubali. Wa tatu ameniambia atafikiri, na alivyolisema hilo "nitafikiri" nililistahili.

Ila la kiwanja halikuishia hapo.

Wakati wa kurudi nilitembea njia ambayo gari lingepita likitoka. Kutoka pale hadi barabara ya lami kuna njia moja tu, na njia hiyo ina kona moja mbaya. Nikasimama pale konani kama dereva, nikajaribu kuikata kwa macho. Gari la upana wa mita mbili na nusu, refu, lina haraka, usiku. Kushoto kuna nguzo ya stima. Kulia kuna baraza la duka lenye nguzo tatu za mbao na paa la mabati, rundo la mabomba limelala nje, na lundo la mchanga wa kuuza kwa toroli.

Baraza ni langu.

Nililitoa mbele mwaka ule tulipopanua duka. Liko kwenye akiba ya barabara, sote mtaani tunalijua hilo. Kila duka upande ule limetoka mbele. Ndipo aliposimama yule kijana na noti zake zilizokunjwa akiniuliza watapitishwa lini.

Nilichukua tepu dukani nikapima. Nikapima tena, mume wangu akiwa ameshika ncha ile nyingine bila kuuliza kitu. Likipita, litapita likikwaruza.

Mchanga umeondoka jana. Mabomba nimeyaingiza uani. Fundi anakuja Jumamosi kung'oa nguzo mbili za mwanzo. Ile ya tatu bado tunabishana, mume wangu anasema ndiyo iliyoshika paa.